Za Nani na Nani

Siku hiyo Kalpesh aliamka kabla ya saa yake kulia. Chai ya mama yake aliiacha mezani ikifanya utando. Mkate aliutazama tu, kama picha ya mtu wa ukoo ambaye jina lake limempotea. Kutoka nyumbani kwao, juu ya duka, hadi hospitalini alitembea amebana mikono kwapani ili mji mzima wa Nyeri udhani ni baridi. Na baridi ilikuwepo, maana Julai ya kule haina utani na mtu. Lakini baridi haimfanyi daktari mzima avae fulana nyuma mbele.

Moffat, muuguzi wa kliniki ya akili, ndiye aliyeiona lebo imechungulia kooni.

"Daktari, hiyo fulana inaangalia wapi? Ama ndiyo mavazi ya mabingwa?"

"Niache, Moffat."

"Mimi sijasema kitu. Nasema tu, ukianguka huko ndani, kitanda iko. Nimeshatandika."

Kalpesh alijaribu kucheka, kikatoka kitu kama kikohozi cha mbuzi. Masomo ya ubingwa wa magonjwa ya akili alikuwa ameyamaliza, mitihani ya karatasi ameipita. Kilichobaki ni leseni ya kufanya kazi peke yake, na katikati ya njia ya leseni hiyo alikuwa ameketi Daktari Magdaline. Yeye angemwona Kalpesh akimhudumia mgonjwa asiyemjua, kisha angelipelekea Baraza la Madaktari neno lake: huyu yuko tayari, au huyu bado.

Mara ya kwanza alisema bado. Mgonjwa alikuwa kijana mmoja mpole, na Kalpesh alimuuliza habari za usingizi, chakula, kanisa, hata timu anayoshabikia. Baadaye Daktari Magdaline alimwita kando. "Kuna swali moja uliliona, ukapita kando kama mtu aliyeona nyoka njiani. Yule kijana yuko hai kwa sababu mimi nilirudi nikaliuliza. Siku utakuwa peke yako, nani atarudi?"

Tangu siku ile Kalpesh hakuwa akiogopa kufeli. Aliogopa kupita. Akifeli, angetahayari tu. Lakini akipita, kile kiti cha pembeni alichokalia Daktari Magdaline kingebaki kitupu, na yeye angebaki na watu wa watu.

Akaingia. Daktari Magdaline alikuwa kwenye kona, mikono magotini, ametulia kama sanduku la kura. Mbele ya meza aliketi Shosho Nyawira, bibi wa Endarasha, ameinamia shuka aliyojifunga mabegani. Nyuma yake alisimama Beth, mke wa mwanawe, anayeishi naye.

"Daktari, mama amekuwa msahaulifu," Beth alisema. "Haongei, hali, anakaa tu. Tupatie dawa ya kukumbuka turudi. Ng'ombe zinangoja."

Kalpesh alimwomba Beth asubiri nje, akaanza. Shosho alijua leo ni siku gani. Alijua mwezi, na siku ya soko kwao. Sauti yake ilikuwa chini, kama ya mtu anayeongea akiwa shimoni, lakini majibu yalikuwa sawasawa. Kisha Kalpesh akauliza jambo jepesi kabisa.

"Shosho, uko na watoto wangapi?"

Bibi alijivutia shuka. "Wako," akasema.

"Ndiyo, lakini ni wangapi?"

"Si nimesema wako."

Kalpesh akaandika: hakumbuki idadi ya watoto. "Haya, wacha tuhesabu kidogo. Chukua mia, toa saba. Unabaki na ngapi? Halafu toa saba tena."

Alivyosikia saba ya pili, Shosho alijitemea mate mepesi kifuani, akageuzia uso ukutani. Kalpesh akaandika tena: hawezi hesabu. Basi mambo yakajipanga yenyewe. Amesahau watoto, ameshindwa na hesabu, huu ni ugonjwa wa kusahau. Na ugonjwa wa kusahau una uzuri wake mmoja mkubwa, kwamba haumlazimishi daktari kuuliza lile swali. Mabega yakamshuka. Akavuta pumzi yake ya kwanza ya maana tangu asubuhi.

Nafuu hiyo ndiyo iliyomtia hofu kuliko yote. Aliijua. Aliwahi kuisikia mwilini, hivyo hivyo, mbele ya yule kijana.

Akameza mate, na lebo ikamkwaruza kooni. Lebo. Kwao dukani waliuza sare za shule, na yeye alikulia chini ya kaunta akibandua lebo za sweta na kuzibandika kwenye paji la uso. Akina mama walikuja kutoka Tetu na Kieni, na hata siku moja hakusikia mmoja wao akisema nipe sweta tatu za watoto wangu. Kwa wenyeji wa huko, mtu hahesabiwi kama kuku wa kuuza. Kuhesabu watoto ni kukiita kifo kije kuchagua. Mama yake, Indira, alipokuwa mgeni pale, aliuliza "watoto wangapi?" hadi wateja wakaanza kuhamia duka jirani, ndipo akajifunza kuuliza, "za nani na nani?" Na saba! Hiyo saba ilikuwa ya mkosi, wazee wengine hawakutaka hata kuitaja, na aliyeisikia alijitemea mate kifuani kuifukuza. Mtoto wa duka, amekula ugali wa hiyo kaunta miaka yote, na leo amemkalisha bibi wa watu chini akimtajia saba kama anayetupa mawe.

Aliweka kalamu chini.

"Shosho, unisamehe. Nimeuliza vibaya. Kwako kuna nani na nani?"

Uso ukageuka taratibu kutoka ukutani.

"Kuna Wamae, ako Wang'uru kwa mashamba ya mchele. Kuna Sophie, aliolewa Giakanja. Kuna Mwai, bwana ya Beth." Mkono wake ulikuwa umeshika fundo dogo kwenye ncha ya shuka, na sasa ukalibana. "Kuna Ngatia."

"Ngatia ako wapi?"

"Ako hapo nyuma ya nyumba. Tulimzika wakati wa kupanda viazi. Naendanga kumpatia habari. Si mbali."

Si mbali. Kalpesh alisikia baridi ikipanda kutoka kwenye sakafu. Angeweza kuuliza njia ya kwenda kaburini, au viazi vilitokaje. Kila njia ilikuwa wazi isipokuwa moja. Na kama hilo swali ndilo lingemtia wazo kichwani? Alisoma vitabuni kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo, alilijibu hilo kwenye mtihani akapata alama zote, na sasa hakuamini hata herufi moja. Alitamani kugeuka atazame kona. Hakugeuka.

"Shosho," alisema, na sauti ikavunjika kama ya mvulana. "Unafikiria kujiua?"

Nje Moffat alikuwa akipiga soga na mtu. Kalpesh alikuwa na hakika amemuua bibi kwa mdomo wake.

"Nyumbani na kanisani wananiambia tu nikule," Shosho alisema mwishowe. "Wewe ndiyo wa kwanza kuniuliza."

Akafungua fundo. Ndani kulikuwa na vidonge vyake vya presha, vile ambavyo Beth alidhani humezwa kila asubuhi. Alivimimina katika kiganja cha Kalpesh, vikiwa na joto la mkono wake.

"Nakuomba ulale hapa kwetu kwanza," Kalpesh alisema. "Mimi nitakuja kukuona, na kesho tena. Tutaongea habari ya Ngatia."

"Na ng'ombe?"

"Beth atakamua."

"Beth anakamua kama mtu anaogopa kusalimia," Shosho alisema. Lakini aliinuka.

Koridoni Daktari Magdaline alimsimamisha. "Umemtajia saba mtu wa Endarasha."

"Ndiyo, Daktari."

"Mara mbili."

"Ndiyo."

"Lakini hii mara ulirudi mwenyewe. Nitawaambia uko tayari. Leseni ikifika, usinitafute pale kwenye kona."

Kalpesh alisema asante. Ndipo akagundua bado ameshika vile vidonge, ngumi imefungwa hadi kucha zimeingia nyamani.

Moffat alipita amemshika Shosho mkono, wanaelekea wodini. Bibi akasimama, akamkagua Kalpesh toka viatu hadi kwenye lebo.

"Wewe ni wa ile duka ya sweta. Kwenu mko wangapi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

"Kuna Darshana," alisema. "Kuna Zarna. Na kuna mimi."

"Eeh, wako," Shosho alisema, kisha akamgeukia Moffat amwambie asimkokote hivyo, yeye si gunia la viazi.