Wadudu wa Zulia, Ghorofa ya Tano

Jumamosi asubuhi shemeji yake Mzee Lawama aliketi kwenye zulia la sebuleni, miguu ameinyoosha, akichambua nguo za marehemu dada yake. Nzuri aliziweka kulia, zake. Zilizopauka aliziweka kushoto, za maskini. Alipofika kwenye sweta la sufu alilinyanyua usawa wa dirisha, akamwona mzee kupitia matundu ya tumbo la sweta.

"Shemeji," akasema, "nyumba yako ina kunguni."

"Kunguni unao wewe," akajibu Mzee Lawama.

Jina hilo alipewa na wapangaji wenzake. Shule aliiacha angali anaandika kwa penseli, lakini kulaumu hakuhitaji cheti. Bomba likikauka, alishuka ofisini kumtukana meneja. Taa ya ngazini ikiungua, alishuka. Tangu afiwe na mkewe hakungoja kitu kiharibike, alishuka tu.

Shemeji akakunja mikono ya gauni. Vipele vyekundu vilikuwa vimemtapakaa hadi viwikoni. "Na hivi nimekuja navyo kutoka kwangu?"

Alilisema hilo mlango ukiwa wazi, na mdomo hauna pazia. Habari ilishuka ngazi upesi kuliko mtoto anayekwepa kutumwa. Katika jengo lile kila mtu alijua kwamba mpangaji mwenye kunguni hufukuzwa, kwa sababu kunguni ni uchafu, na uchafu ni wa mpangaji.

"Si kunguni," ikasema sauti kutoka chini ya kabati. "Kunguni hunywa damu. Hawa wanakula sufu. Sogezeni kabati."

"Shikamoo, dada," akasema shemeji.

"Marahaba. Na hilo gauni la maua lirudishe, halitakupita mabegani."

Wakasogeza kabati. Zulia pale chini lilikuwa limeliwa hadi kwenye kitani, duara lenye upara kama kichwa cha imamu. Ukingoni mwake walitambaa mabuu wa rangi ya kahawia, wenye milia na manyoya, kila mmoja kama kipande cha mswaki uliochakaa. Kando yao yalilala maganda waliyoyavua, matupu na mepesi.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Miaka yote marehemu alizoea kukaa pale, mgongo kwenye kabati, akichana nywele. Nywele zilizodondoka ziliingia kwenye zulia. Wadudu wakala sufu pamoja na nywele, na walichokula ndicho walichosema.

"Tazameni na dirishani," sauti ikaendelea.

Shemeji akatazama. Chini ya kioo kulikuwa na mbawakawa wa mviringo, wadogo kuliko punje ya mtama, mgongoni wana madoa meusi, meupe na ya kahawia. Wengine walikuwa wamekufa chali.

"Hao ndio wazazi. Wakishakua hutaka kutoka nje, kwenye maua. Na wewe hujaumwa na mtu, ni vinyweleo vya watoto wao vinavyokuwasha. Mume wangu, ita mpiga dawa."

"Nikupigie dawa wewe?"

"Nipigie. Tangu lini nyumba yangu ikafuga wadudu?"

Marehemu maisha yake yote alikuwa dobi, akifua nguo za watu mpaka vidole vikawa vyeupe. Uchafu hakuupenda hata ulipokuwa yeye mwenyewe.

Jioni, shemeji alipokwisha kwenda na furushi lake bila gauni la maua, sauti ilihamia karibu na mlango.

"Machela imefika?"

Mzee Lawama akaketi sakafuni. Hapo mlangoni ndipo alipomlaza mkewe siku ile ya mwisho, kichwa chake pajani. Wabeba machela walikuwa wamefika, tena mapema, wakasimama chini mbele ya lifti mbovu. Kanuni ya jengo, walisema, hairuhusu mgonjwa wa machela kupitishwa ngazini, anaweza kuanguka akamponza mtu. Wakangoja fundi wa lifti. Meneja naye akangoja, ofisini. Mkewe alipokata roho wakampandia kwa miguu na kumshusha kwa ngazi, kwa maana kanuni ilihusu wagonjwa. Maiti haikutajwa.

"Bado," akasema Mzee Lawama.

"Haya. Tungoje."

Meneja alikuja Jumatatu pamoja na mpiga dawa, kwa ngazi, akihema kama mvukuto, viatu vyake vinang'aa. Alikuja kufukuza mtu, ikaonekana usoni.

"Mzee, nimesikia una kunguni."

"Wadudu wa zulia," ikasema sauti. "Karibu, meneja. Lifti inasemaje?"

Meneja akavua kofia. "Inashughulikiwa, mama."

"Ndivyo ulivyosema."

"Ndivyo, mama."

Mpiga dawa akapiga magoti, akafunua pembe ya zulia, akaokota ganda moja akalitazama. Akathibitisha kwamba marehemu amesema kweli. Meneja hakubishana. Ushahidi wa mpangaji wa zamani aliuheshimu, hasa mpangaji ambaye hadai tena kitu. Mzee Lawama akaambiwa hafukuzwi.

"Ila kunyunyiza juu juu ni kumwosha samaki majini," mpiga dawa akasema. "Wamezama. Zulia litoke lote, likapigwe mvuke kiwandani. Nikilichukua leo, baada ya wiki hamtasikia kitu."

"Halitoki kwa ngazi," akasema meneja. "Mzigo wenye wadudu haupiti wanapopita watu. Utapita kwenye lifti."

"Lifti mbovu," akasema mpiga dawa.

"Basi tusubiri lifti."

Mzee Lawama alifumbua mdomo. Matusi yalikuwa tayari, yamejipanga, la mama limetangulia. Kisha akawatazama mabuu wakitambaa polepole kwenye sufu, akaufumba. Meneja alishuka akitazama nyuma mara kwa mara, maana hakuzoea kuondoka pale bila kutukanwa.

Kuanzia hapo Mzee Lawama hakushuka tena ofisini. Jioni alikaa mgongo kwenye kabati, wakazungumza bei ya sabuni, wakamsengenya shemeji. Zulia lilipoanza kwisha akalaza sweta lake pale chini, kisha blanketi.

"Unawalisha," sauti ikasema.

"Limeanguka lenyewe."

Siku moja mlango uligongwa na dereva wa teksi wa ghorofa ya nne.

"Mzee, kesho tunakwenda kwa meneja, wapangaji wote. Mama yangu kifua kimembana, ngazi haziwezi tena, na machela ndiyo hiyo unayoijua. Lazima lifti ipone. Tunakutaka wewe mbele. Bila wewe sisi hatuna mdomo."

"Goti linanisumbua, mwanangu."

"Tutakubeba."

"Nenda nao, mume wangu," ikasema sauti kutoka kwenye zulia. "Mama wa watu huyo."

Dereva akachungulia ndani, akainamisha kichwa kwa adabu. "Umesikia, mzee? Hata mama anasema."

Mzee Lawama aliushika mlango kwa mikono miwili.

"Wadudu tu hao," akasema, akaufunga taratibu.

Kesho yake wakaenda bila yeye. Alizisikia nyayo zao zikipanda kurudi, zikipumzika kila ghorofa, na kwa uzito wa hatua hizo akajua wamejibiwa nini. Akafungua kabati, akatoa suti yake ya sufu, ile moja aliyokuwa nayo, akakagua mifuko kama imebaki sarafu. Kisha akaitandaza sakafuni, mikono yake akaikunjua vizuri, upande wa kola ukielekea mlangoni.