Nyota wa Kikapu na Mwenye Majeneza

Msimu ule Brynn Kubicek alipoanza kufunga pointi thelathini karibu kila mchezo, mtandao mmoja wa michezo ulitoa makadirio ya kiasi ambacho jina lake lingeweza kuingiza kwa mwaka kutokana na matangazo. Ulisema dola laki nne. Sisi wa Platte Bend, mji mdogo wa Nebraska, tuliisoma habari hiyo asubuhi, na kufika saa za chakula cha mchana tulikuwa tumeshamaliza kuzitumia hizo fedha kwa niaba yake, vichwani mwetu. Baba yake mdogo aliziezekea ghala. Kanisa lilinunua kinanda. Baba yake mzazi, Duane, ambaye si msemaji, alionekana kwa muuza matrekta akizunguka trekta moja la kijani huku mikono ameiweka nyuma.

Siku hizi sheria inaruhusu mchezaji wa chuo kulipwa kwa jina na sura yake, na kila chuo kina nyota wake anayetangaza magari au simu. Chuo chetu ni kidogo na kimezungukwa na mahindi pande zote, lakini timu ya wasichana ilikuwa imeanza kuonyeshwa kwenye televisheni, na sababu ilikuwa Brynn. Alikuwa msichana mrefu, mpole, mwenye tabia moja mbaya: akiogopa, anacheka.

Fedha zilipoanza kuzungumzwa, binamu yake Kip alijitokeza kuwa wakala. Kip aliwahi kusoma sheria mwaka mmoja na nusu, akaacha kwa sababu ambazo hubadilika kila ukimuuliza. Alichapisha kadi zenye jina lake, akanunua koti, akamwambia kila mtu kwamba anawasubiri watu wa viatu vya michezo wapige simu.

Watu wa viatu hawakupiga. Aliyepiga ni mwenye sehemu ya kuosha magari, akampa Brynn haki ya kuoshewa gari bure maisha yake yote. Kisha mwenye duka la matairi akampa matairi manne mapya, akapigwa naye picha. Kukawa na mtu wa bisi aliyeleta magunia mawili. Kwa hiyo hadi mwezi wa kumi na moja, msichana wa dola laki nne alikuwa na matairi manne na ahadi ya kuoshewa gari, na gari lenyewe hana. Bisi wenzake walishazila.

Jumapili moja baada ya chakula, mlango wa akina Kubicek ukagongwa. Mama yake Brynn, Lorna, alikwenda kufungua akamkuta Orrin Tesdahl amesimama barazani, kofia mkononi. Orrin ndiye mwenye nyumba ya mazishi ya mji wetu, inayouza majeneza na kusimamia maziko, kama alivyokuwa baba yake na babu yake. Lorna alipomwona alikaa chini hapohapo kwenye ngazi.

"Nani?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, Lorna," Orrin akasema kwa sauti yake ya taratibu. Alikuwa ameshazoea. "Nimekuja kuongea na binti kuhusu matangazo."

Wakamkaribisha kahawa, akaeleza shida yake. Kampuni moja kubwa ya mazishi kutoka jiji la Omaha ilikuwa imefungua tawi karibu na barabara kuu, lenye chemchemi ya maji mlangoni na skrini za kuonyesha picha za marehemu. Familia changa zilikuwa zinakwenda huko, kwa sababu hazimjui yeye. Hakuwa na fedha za kushindana na chemchemi, ila alikuwa ameweka akiba kidogo. Angemlipa Brynn kila mwezi hadi amalize chuo, na angempa gari la kutumia.

Kip aliweka kikombe chini. Akasema kwa heshima zote kwamba mchezaji wa dola laki nne hawezi kuuza majeneza, maana watu wa viatu wangesikia wangesemaje.

Brynn akauliza, "Gari gani?"

Lilikuwa gari la kubebea maiti, jeusi, refu, la zamani. Orrin alikuwa amenunua jipya na hili la zamani lilikuwa limekaa tu. Injini yake ilikuwa nzima kabisa, kwa sababu tangu litengenezwe halijawahi kukimbizwa. Matairi tu ndiyo yaliyokuwa yamechakaa.

Lorna alikataa, akasema bintiye hatapanda gari hilo akiwa hai. Bibi yake Brynn, mama mzaa Duane, akasema kutoka kwenye kiti chake kwamba Orrin alimzika marehemu mume wake kwa adabu na hakuwaongezea bei hata senti moja, na kwamba kama kuna mtu anastahili kutangazwa katika mji huu ni yeye. Mjadala ukaishia hapo, kwani nyumba ile ni ya bibi.

Tangazo walilirekodi mbele ya ofisi ya Orrin. Kip alikuwa ameandika maneno marefu yaliyotaja heshima, mila na ushindi, lakini kila Brynn alipofika kwenye neno "buriani" alicheka hadi akashika magoti. Mpiga picha akaanza kutazama saa. Mwishowe Orrin akamwambia aachane na karatasi, aseme tu anachofikiri. Brynn akajifuta machozi, akaitazama kamera, akasema, "Huyu ni Bwana Tesdahl. Alimzika babu yangu vizuri. Mimi bado nacheza, kwa hiyo sina haraka naye."

Tangazo hilo lilisambaa nchi nzima kwa siku chache. Watu wasioweza kuionyesha Nebraska kwenye ramani walikuwa wanamjua Orrin Tesdahl, naye akashindwa hata kwenda kununua maziwa bila kuombwa picha. Wachezaji wenzake Brynn walilipenda lile gari kuliko basi la timu, kwa sababu mtu alikuwa anaweza kujinyoosha nyuma akalala kabisa. Kwenye taa za barabarani madereva wengine walivua kofia, halafu wakaona miguu yenye soksi za michezo dirishani.

Walipokwenda kucheza ugenini, mashabiki wa kule walikuja wamevaa nyeusi. Kila Brynn aliposimama kwa mitupo huru, uwanja mzima uliinamisha vichwa na kuimba wimbo wa msiba. Mara ya kwanza alicheka, akakosa yote miwili. Alicheka kwa muda fulani hivi, kisha akazoea, na walipomaliza kucheza alikuwa amefunga arobaini na moja. Gazeti letu liliandika kwa herufi kubwa: AMEWAZIKA. Orrin aliona neno hilo halina staha, lakini alilikata akalibandika ofisini.

Mambo yalianza kuharibika, kama ni kuharibika, pale Bi. Vlasta Hruska alipokwenda kwa Orrin. Bi. Vlasta alikuwa na umri wa miaka themanini na sita na hakosi mchezo hata mmoja wa nyumbani. Alitaka kulipia mazishi yake mapema, jambo la kawaida, lakini alikuwa na sharti: miongoni mwa wabeba jeneza awemo Brynn Kubicek. Orrin akampigia Brynn simu kuuliza. Brynn alifikiria bibi mmoja, siku moja isiyojulikana, akakubali.

Hakufikiria kwamba Bi. Vlasta hucheza karata kila Jumatano katika ukumbi wa wazee, na kwamba jambo kama hilo hawezi kukaa nalo. Wiki iliyofuata walikwenda wengine sita wenye sharti hilohilo. Kabla msimu haujaisha, karibu kila mzee mwenye tiketi ya timu alikuwa ameshaandikishwa, pamoja na wengine ambao hata mpira hawakuwa wanauangalia. Kule barabara kuu, kampuni ya Omaha ikawa inazima chemchemi yake siku za kazi ili kupunguza gharama.

Februari walikufa watatu. Brynn alikosa mazoezi mara tatu, na kocha akajiandaa kumkemea, lakini marehemu wa pili alikuwa mjomba wa mke wake, ikabidi akae na Brynn benchi moja kanisani. Kip naye aliona fursa. Alikuja na mpango wa kuzitoza familia kiasi fulani kwa kila mazishi, na kiasi kikubwa zaidi kama Brynn atasema maneno mawili kaburini.

"Kip," Brynn akamwambia, "ukimtoza mtu hela kwa sababu yangu, jeneza litakalofuata nitalibeba bure, na litakuwa lako."

Kip alilirudisha lile wazo mfukoni.

Mwezi wa tatu wakapiga simu watu wakubwa kweli, ingawa si wa viatu. Ilikuwa kampuni ya Chicago inayotengeneza kinywaji cha wanamichezo. Mwakilishi wao, mwanamke mwenye sauti tamu aitwaye Bi. Farrow, alizungumza na familia nzima kupitia kompyuta iliyowekwa juu ya meza ya chakula. Fedha alizotaja hazikuwa mbali na zile za mtandaoni. Duane alitoka nje akasimama kidogo uani, kisha akarudi. Bi. Farrow akaongeza kwamba kuna jambo dogo tu: kinywaji chao ni cha uhai na nguvu, kwa hiyo wangependa Brynn ajitenge na mambo ya kifo.

Kesho yake Brynn aliendesha lile gari hadi kwa Orrin. Alimkuta katika chumba cha kuonyeshea majeneza, anakula mkate wenye nyama. Akamweleza yote kwa haraka, na kwa kuwa alikuwa anaogopa, akaanza kucheka. Orrin alisubiri amalize.

"Chukua," akasema. "Hata mimi ningechukua. Umeshanisaidia kuliko nilivyotegemea. Tatizo si mimi, binti yangu. Tatizo ni wale wazee niliowaahidi."

"Wako wangapi?"

"Wengi. Na mdogo wao ni Bernice, wa maktaba, ana miaka sitini na nane na anaogelea kila asubuhi. Nimepiga hesabu. Siku ya Bernice wewe utakuwa na wajukuu."

Brynn akaacha kucheka. Walikaa pale kwa muda, kila mmoja akisubiri mwenzake ajitolee kwenda kumwambia Bi. Vlasta. Mwishowe wakaenda wote wawili.

Bi. Vlasta aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, bila kuwaambia waingie.

"Wanalipa vizuri?" akauliza.

"Vizuri sana, bibi."

"Basi chukua, usiwe mjinga. Lakini mimi utanibeba. Nimeshawaambia watu."

Orrin akajaribu kueleza kwamba wale wa Chicago wana wasiwasi na kinywaji chao.

"Wasiwasi wa nini?" Bi. Vlasta akasema. "Nikifika hapo sitakuwa na kiu."

Brynn alimpigia Bi. Farrow mwenyewe, bila Kip. Alimwambia kwamba ataacha kumtangaza Orrin na atarudisha gari, ila aliowaahidi kuwabeba atawabeba, bila malipo, na kama hilo haliwezekani basi asante. Bi. Farrow akasema atawauliza wakubwa wake. Baadaye mawakili wao walilijadili jambo hilo karibu mwezi mzima, na mkataba uliporudi ulikuwa na ibara inayomruhusu kuhudhuria mazishi, mradi asionekane katika picha yoyote akiwa karibu na kinywaji cha kampuni nyingine. Akasaini. Siku ya kurudisha gari, timu nzima ilikwenda kuliaga, na msichana mmoja wa akiba alilia kweli.

Mazishi ya kwanza chini ya mkataba mpya yalikuwa ya Bwana Sklenar, aliyekuwa akipiga kengele ya kanisa. Baadaye ukumbini akina mama walipanga sandwichi, viazi na mitungi ya maji ya limau yaliyotengenezwa kwa unga wa pakiti. Kip, ambaye sasa alikuwa na kazi ya kweli kwa mara ya kwanza, alipita meza kwa meza akifunika pakiti hizo za kampuni nyingine kwa leso za karatasi kila simu ilipoinuliwa kupiga picha. Bi. Vlasta alizifunua nyuma yake.

Kwenye kubeba kulikuwa na tatizo jingine. Brynn aliwazidi wenzake kwa urefu, naye aliwekwa mbele, kwa hiyo Bwana Sklenar alikwenda kaburini kichwa kikiwa juu kana kwamba anataka kuona njia. Orrin alikuwa akitembea pembeni akinong'ona, "Kunja magoti kidogo, kunja magoti," na Brynn akayakunja hadi mwisho, kama anayemkaba mchezaji wa timu pinzani.

Bi. Vlasta hakupendezwa. Alimfuata Brynn alipokuwa anakula viazi, akamwambia kwamba yeye hataki kuteleza nyuma kama gunia. Jumatatu iliyofuata wachezaji watano wa timu, Brynn akiwemo, pamoja na Duane, waliitwa kwa Orrin. Walipewa jeneza tupu, wakaambiwa walizungushe kwenye uwanja wa maegesho. Bi. Vlasta alikaa kwenye kiti cha kukunja kivulini, mkongojo magotini, akiwarekebisha. Alimhamisha Brynn nyuma, akamrudisha mbele, akampeleka katikati. Katikati pakafaa. Jeneza likatulia sawa kama meza.

Aliwatazama wakizunguka mara moja zaidi, kisha akasema inatosha kwa leo, maana jioni kuna mchezo wa kirafiki na Brynn asije akachoka mabega.