Mstari Mweupe Ubavuni mwa Harlan Crewe

Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, Verdell Gaines aliketi kwenye benchi kando ya Mto Detroit akifuta lenzi ya kamera kwa pindo la skafu. Alikwishapiga picha matishari mawili ya mchanga, tagi nyekundu ya kuvuta meli, meli ya saruji, na meli ya nafaka kutoka ng'ambo, yenye masizi kama sufuria la msibani. Jirani yake benchini, Stan Wojtas, mstaafu wa kiwanda cha chuma, aliandika majina ya meli daftarini huku akitafuna mkate wa soseji.

"Mumeo anachelewa," Stan alisema.

"Hata alipokuwa hai alikuwa mchelewaji. Futa haradali kidevuni, mtu mzima wewe."

Saa nne na dakika kumi ikapita meli Harlan Crewe, iliyozama ziwani na watu kumi na tisa miaka kumi na miwili nyuma. Ilipiga honi tatu ndefu na mbili fupi, salamu ya manahodha wa maziwa. Mvuvi mmoja akavuta mshipi wake kuipisha. Stan akaandika saa. Lamar Gaines, msaidizi wa nahodha, alisimama sitahani akichuruzika maji, akimwonyesha mkewe kwa kidole chini ubavuni.

Verdell akapiga picha. Mstari mweupe, ule ambao mzigo haupaswi kuuzamisha, ulikuwa futi mbili chini ya maji.

Uchunguzi wa ajali ulisema Lamar aliusoma vibaya mstari huo. Lakini usiku wa kuondoka alimpigia mkewe simu: "Nimewaambia wa kampuni meli imejaa mno. Wameniambia nikitaka kubaki nchi kavu, nibaki moja kwa moja."

Ijumaa Verdell alipeleka picha ofisi ya uchunguzi. Karani aliitazama kwa makini.

"Meli ndiyo yenyewe, mama, sibishi. Na mstari umezama, nauona. Ila picha ni ya jana."

"Ndiyo, ya jana."

"Sasa, meli ikishazama, mama, mstari utakuwa wapi kama si chini ya maji?"

 Karani akamrudishia picha, akamsifia mwanga wake.

Mwezi uliofuata kampuni ya meli hiyo iliandika barua ya adabu kuomba picha hiyohiyo iwekwe kwenye kalenda yake. Verdell alikubali upesi. Nyumba elfu kumi zingeuona mstari.

Kalenda ilifika. Meli ilikuwa mwezi wa Novemba, imetoka safi kuanzia omo hadi tezi, na Lamar alionekana hata vifungo vya koti. Chini, palipoanza maji, picha ilikuwa imekatwa. Kidole cha Lamar kilielekea kwenye jina la kampuni, na chini yake maneno: Usalama Kwanza.

Jikoni kwa Verdell, Stan aliishika kalenda kwa mikono miwili.

"Amependeza," alisema.

"Amependeza," Verdell akajibu, akaenda kutafuta msumari wa kuitundika.