Kibati Namba Saba

Masanduku ya Waholanzi yalikuwa mazito kuliko Waholanzi wenyewe, na Ornella aliyashusha garini huku akiyatukana kwa sauti ya chini, maana ilikuwa Jumapili na kengele za misa zilikuwa bado zinalia. Kazi hii alikuwa ameifanya miaka kumi. Wageni huja Umbria kutembea vilima kwa vilima bila kiongozi; wanapewa karatasi za maelekezo, wanaondoka asubuhi na kifuko mgongoni, na jioni wanayakuta masanduku yao yamewatangulia kijiji cha mbele. Wengi hawajiulizi yamefikaje. Yamefikishwa na Ornella, mgongo ukimuuma.

Karatasi za maelekezo nazo aliziandika yeye, na kwa hilo alijisifu, tusimfichie. Wenzake wa kampuni kule mjini huandika "geuka kushoto baada ya mita mia mbili," kana kwamba mtu huenda likizo kuhesabu mita. Ornella aliandika mambo yanayoonekana: pita nyuma ya kanisa lililopasuka, mbwa mweupe atakubwekea, mwache abweke, panda korongo la Fossato hadi utokee kwenye mwaloni wenye kibati namba saba, ukae hapo ule mkate wako, maana mahali pazuri kama hapo hutapata. Wageni walimwandikia barua za shukrani kwa ajili ya kibati namba saba. Alizibandika jikoni.

Mlangoni mwa nyumba ya wageni ya Roccaserra alisimama Palmira, mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini mwenye ulimi usiojua likizo. Aliutazama ukungu uliolala mlimani tangu alfajiri, akasema wageni wa leo watafika wakipapasa kuta. Ornella akamjibu kwamba maelekezo yake yanafuatika hata gizani. Akalivuta sanduku la pili kwenye ngazi, zipu ikapasuka, na soksi, vitabu na sabuni vikamwagika chini. Juu ya soksi viliangukia vizibao viwili vya rangi ya chungwa, vipya, vikiwa bado ndani ya nailoni.

"Hivi si ndivyo mnavyowapa wavae msituni?" Palmira aliuliza.

"Ndivyo."

"Basi vinafanya nini sandukuni? Leo Jumapili, Ornella. Wanaume wote wako mlimani."

Mbali, ndani ya ukungu, mbwa walibweka, wengi kwa pamoja. Ornella alibaki amepiga magoti na soksi ya mtu mkononi.

Misafara yote aliipanga mwenyewe, na aliipanga ipite korongoni Ijumaa, kwa kuwa Jumanne na Ijumaa sheria inakataza kuwinda na msitu unakuwa wa Mungu na ndege wake. Lakini hawa, bwana Wim na mkewe Hanneke, walinaswa na mvua kijiji cha nyuma, wakampigia simu kuomba walale huko siku mbili zaidi. Simu ilimkuta juu ya ngazi, katikati ya mzeituni, mikono imejaa zeituni. Akawaambia haya, laleni, masanduku nitayachukua Jumapili. Alilitamka neno Jumapili kwa kinywa chake mwenyewe na wala halikumgutusha. Ee, mtu anaweza kuwa mjinga mchana kweupe.

Na vibati vile havikuwekwa kwa ajili ya watalii. Ni vya kikosi cha wawindaji wa nguruwe pori. Kila kimoja kimepigiliwa kwenye mwaloni, na asubuhi ya msako chini yake husimama mtu na bunduki. Wasakaji huingia na mbwa kutoka ng'ambo ya mlima, nguruwe wanatimka, na njia wanayoipenda kuliko zote ni korongo la Fossato, hadi watokee mbele ya namba saba. Ornella amezaliwa nyumba ya wawindaji. Vibati hivyo aliviona tangu utotoni kama mtu anavyoviona vitasa vya milango ya kwao. Aliandika maelekezo mwezi Mei, korongo limejaa maua na bunduki zote zimefungiwa makabatini. Mwaka huu kampuni ikarefusha msimu hadi Novemba, na hakuna aliyerudi kuipita njia upya. Wawindaji huweka mabango ya onyo kwenye kila njia inayojulikana. Korongo si njia inayojulikana. Ni njia ya Ornella.

Simu ya Wim haikupatikana. Ya Hanneke haikupatikana. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Akampigia Gervasio, mkuu wa kikosi, aliyepokea kwa kunong'ona, na Ornella akamweleza yote kwa pumzi moja. Gervasio aliwatukana watakatifu wawili watatu, kisha akasema atamwita wa namba saba kwa redio, amwambie ashushe bunduki mpaka wageni wapite. Akaita mara tatu. Ornella alisikia redio ikikoroma bila jibu.

"Amezima," Gervasio alisema. "Unamjua baba yako. Redio kwake ni ya kuzuilia mlango."

"Baba? Baba yuko saba?"

"Kura ya leo asubuhi. Katia mkono kwenye kofia, katoa saba, kafurahi huyo! Basi tulia. Ubaldo hapigi asichokiona, miaka hamsini hiyo."

Ornella akakaa juu ya sanduku. Kwa maana lilikuwapo jambo moja ambalo Gervasio hakulijua, wala kikosi, wala daktari wa leseni ya bunduki. Mzee Ubaldo alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia, la kulengea, ndilo lililokuwa baya zaidi. Upasuaji aliukataa, alisema kisu ni cha nguruwe. Mwezi Machi, leseni ilipotaka macho yapimwe upya, Ornella aliingia kwa daktari kuuliza saa za kazi, akalipiga picha lile bango la herufi ukutani, akaja kumkaririsha baba yake jikoni, mstari kwa mstari, dengu zikichemka. Siku ya kipimo mzee aliusoma mstari wa mwisho kabla hajaulizwa. Daktari akasema mzee ana macho ya mwewe. Walirudi nyumbani wakicheka wote wawili hadi machozi. Tangu mama yake afariki, mzee hakubakiwa na kitu ila kikosi kile, na Ornella hakuwa na moyo wa kumnyang'anya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini ni nani huikumbuka methali akiwa anacheka?

"Gervasio," alisema, "piga baragumu. Simamisha msako."

"Mbwa wameshashika harufu, dada. Nikipiga saa hizi wenzangu watanila mzima mzima. Nipe dakika ishirini niwakusanye. Kwani kuna nini? Ubaldo anaona kuliko mimi."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Neno lilimfika kooni: baba haoni. Maneno mawili tu, na baragumu lingelia papo hapo. Lakini akaiona ile kofia ya kura bila mkono wa baba yake ndani, akawaona askari wakija kuichukua bunduki, akamwona mzee amekaa dirishani siku zote alizobakiza. Akayameza.

"Hakuna kitu," alisema. "Nitawafuata mwenyewe."

"Basi zunguka na barabara ya juu, utokee nyuma yake. Korongoni usitie mguu. Unanisikia, Ornella?"

Alimsikia vizuri sana. Ila barabara ya juu ni dakika arobaini, na kutoka daraja lililo chini ya korongo, kupanda ni robo saa. Palmira, aliyekuwa amesikia nusu na kubahatisha nusu, hakufanya mzaha tena. Alichana nailoni, akamvisha kizibao kimoja, akakifunga vifungo vyote hadi shingoni. Rangi hii, alisema, hata kipofu anaiona. Kizibao cha pili Ornella alikishika mkononi akakimbilia garini.

Pale darajani matope yalikuwa na nyayo mpya za viatu vya milimani, jozi mbili, zikipanda. Za kushuka hazikuwapo. Ukungu ulikuwa umejaa korongoni hadi mtu hakuweza kuona zaidi ya hatua chache mbele yake, na Ornella alipanda kwa kushika mawe aliyoyajua kwa majina.

Alipokuwa na miaka sita baba yake alimfundisha jambo moja: siku ya msako ukijikuta msituni, imba, kwa maana nguruwe haimbi. Basi akaimba. Aliimba nyimbo za kuchuma zeituni, akaimba za Noeli ingawa Noeli ilikuwa bado, na zilipomwishia akaimba majina ya vijiji kutoka Roccaserra hadi bondeni. Katikati ya nyimbo aliita, Wim, Hanneke, na ukungu ukayala majina hayo hatua kumi mbele yake. Alijiona mpumbavu, mwanamke wa miaka arobaini na sita akiyaimbia mawe. Mbwa walikuwa wameteremka upande wa kushoto. Sauti zao zilikuwa karibu kuliko mwanzo, na juu ya sauti zao alisikia matawi yakivunjika. Kitu kizito kilikuwa kinakuja, au kinakimbia, hakuweza kujua wapi.

Kwenye kona ya mwisho kabla ya kichaka cha mireteni, juu ya jiwe bapa, akakuta maganda ya chungwa. Aliyagusa. Yalikuwa bado na unyevu. Moyo ulimruka kwa furaha: wako hapa hapa, wameketi mahali, wanakula, wale watu wema wasiojua lolote. Huenda hatua ishirini, huenda kumi. Akiwaita huku akihema hatawasikia wakimjibu. Kuwasikia, ilimpasa anyamaze.

Akanyamaza. Alizuia pumzi, akatega sikio. Hakuna aliyesema neno, hakuna aliyekohoa. Kisha mbele yake, upande wa juu, kijiwe kimoja kiliporomoka, na yeye, bila kuimba, bila kuita, akainama akajipenyeza kichakani kukifuata. Tawi likakatika chini ya kiatu chake.

Mlio wa bunduki haukuwa mkubwa kama alivyouwaza siku zote. Kitu kilimpiga chini ya mbavu kama teke la punda, na akajikuta ameketi kwenye majani yaliyolowa, kizibao cha pili bado mkononi.

"Kaeni," sauti ya baba yake ilisema juu, kwa upole, sauti ya mwenyeji anayewahudumia wageni. "Kaeni hapo hapo. Nimempata."

Na sauti ya mwanamke, kwa Kitaliano cha kuokoteza, ikauliza:

"Sasa tunaruhusiwa kuongea, bwana?"

Ornella alielewa yote kwa mara moja, na uchungu wa kuelewa ulimzidi uchungu wa mbavu. Walikuwa salama kitambo. Walikuwa wamepanda mapema, mzee akawasikia wakipiga soga kilugha chao, akashusha bunduki, akawakalisha nyuma ya jabali kama wageni wa heshima, akawakatia jibini, akawamiminia divai, kisha akaweka kidole mdomoni: kimya, asisikike mtu, nguruwe wana masikio. Nao wakatii. Ornella alipokuwa akiimba kule chini, makelele ya mbwa yalikuwa yameujaza mlima. Na alipowategea sikio, wao walikuwa wameagizwa wasipumue.

Mzee Ubaldo alishuka polepole akijishika kwenye matawi, kisu kimeshatoka alani. Akasimama hatua tano kutoka kwake. Katika mlima mzima wa kijivu rangi ilikuwa moja tu, na ilikuwa kifuani na mkononi mwa Ornella. Mzee aliikodolea macho, akainamisha kichwa upande, vile vile anavyofanya jikoni akitafuta chumvi iliyo mbele yake.

"Mkubwa huyu," alisema kwa furaha.

Ornella alitaka kusema baba. Kinywa kilifunguka lakini pumzi haikutosha kulitoa neno. Aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani, na hakukiogopa kisu. Aliiogopa ile hatua ya mwisho, ambapo mzee angekuwa karibu vya kutosha.

Juu kileleni baragumu la Gervasio likaanza kulia, dakika ishirini kamili, kama alivyoahidi. Mzee aliinua kichwa akalisikiliza, akatabasamu, msako umekwisha na nyama imepatikana. Akapiga hatua moja, akapiga nyingine, akapiga goti kwa kuguna kizee. Akanyoosha mkono kutafuta manyoya. Vidole vikagusa kitambaa, vikapanda kifungo kwa kifungo, vile vile Palmira alivyovifunga, hadi shingoni, hadi kidevuni.

Hapo mkono ukasimama. Na mzee Ubaldo akaanza kuuliza, kwa sauti ndogo sana, huku ameinama hadi pua zao zikakaribiana, ni nani, ni nani, ni nani huyu.