Mkono wa Baba Mkwe Kwenye Winchi

Baba mkwe wangu haoni vizuri, na katika karakana yetu hilo ni jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Jicho la kulia limeingia ukungu, la kushoto linalifuata. Mteja akiingia getini, Baba husubiri kwanza asikie sauti, ndipo amkaribishe na kumuulizia watoto. Watu husifu kumbukumbu yake. Mimi husifu ujanja wake.

Yeye ni fundi wa kuchomelea, mume wangu ni makanika, mimi nashika umeme wa magari. Tangu macho yaanze kumtupa, mume wangu amejiwekea utaratibu. Baba huchomelea asubuhi. Mchana akienda kujinyoosha chumba cha nyuma, mwanawe huvaa miwani na kurudia kila mshono wa weldi mpaka ushike kweli. Baba akiamka, kazi imeshapoa na kila mtu anajitia hamnazo. Niliwahi kumwambia mume wangu kwamba tunampaka mzee mafuta kwa mgongo wa chupa. Akanijibu niendelee na nyaya zangu. Nikaendelea, huku nimenuna.

Ndipo akaja mpima ardhi na pikapu yake ya porini, matope hadi kwenye vioo. Alitaka winchi ya kuhamisha, mashine ya kebo ya kulivuta gari kwa mbele akikwama na kwa nyuma akitaka kurudi alikotoka. Winchi ya namna hiyo ina kitako chenye mkia wa chuma cha pembe nne. Mkia unaingia kwenye mdomo, yaani bomba nene lililochomelewa kwenye chasisi, kisha pini inapita ubavuni na kufunga. Tukakubaliana midomo miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Uzito wote unaovutwa huishia kwenye mshono wa mdomo. Ukiachia, winchi nzima inaruka na kebo yake, na aliye karibu hana muda wa kukimbia.

Nayasema haya kwa sababu Baba ana desturi yake, na ndiyo iliyotujengea jina. Kazi yoyote ya kuvuta au kubeba ikijaribiwa, yeye huweka kiganja juu ya mshono na kukiacha hapo mpaka jaribio liishe. Wateja wanakuja kwa ajili ya mkono huo. Wanasema fundi mwingine hukimbilia nyuma ya ukuta. Mimi nimeshamwambia aache, na nimeshaambiwa kwamba nina woga wa kunguru.

Mdomo wa nyuma ulikwisha salama. Siku ya mdomo wa mbele, Baba alichomelea asubuhi, mimi nikawa nimeinama chini ya boneti nikipitisha nyaya nene za betri. Mchana nikaenda kumchukua mtoto shuleni. Niliporudi, mume wangu hayupo, glavu zake ziko juu ya bampa, grenda ya kulainishia chuma iko chini na mshono umelainishwa. Nikaona amemaliza, maana hiyo ndiyo saa yake. Nikachukua brashi nikapaka rangi nyeusi, nikafurahia hata jinsi ilivyokaa.

Baba akatoka chumbani akanieleza kwamba amemtuma mwanawe dukani, kwani pini iliyokuja na winchi ilikuwa nyembamba kwa jinsi alivyoipapasa. Baadaye akaja mwendesha pikipiki na pini nene; mume wangu alikuwa ameitanguliza, yeye akabaki kutafuta boliti. Nyuma ya pikipiki akaingia mpima ardhi. Alikuwa na haraka, mvua ilikuwa imefunga milimani na alitaka kuwahi. Baba akasema basi tujaribu.

Tukafunga ndoano kwenye lori bovu lililokufa uani kwetu miaka mingi na kuzama magurudumu yote. Baba alichomeka winchi mwenyewe, akaipitisha pini kwa vidole, akapiga magoti kando ya bampa na kuweka kiganja juu ya rangi yangu. Nikashika rimoti. Mpima ardhi alisimama karibu kuliko nilivyopenda, nikamfukuza mpaka ukutani, akacheka. Kebo ikaanza kunyooka. Ikainuka kutoka ardhini, ikakaza, pikapu ikainama pua. Kwenye chuma pakatoka mlio mdogo ambao sikuupenda.

Mume wangu akatokea getini na mfuko wa boliti. Alitazama kebo, akamtazama baba yake, akautazama mdomo. Uso wake ukabadilika hata mimi nikaogopa kabla sijajua kwa nini.

"Nani amepaka rangi hapo?" akaniuliza.

"Mimi. Si umeshamaliza?"

"Sijagusa. Nimetumwa hata sijavaa glavu."

Niliachia kitufe. Lakini kuachia kitufe hakulegezi kebo, kunaisimamisha tu pale ilipokazwa. Baba hakuondoa mkono. Aligeuza kichwa kuelekea sauti ya mwanawe, taratibu.

"Kwani hukurudia?"

Sikuwa na muda wa kushangaa. Nilikuwa nimeshasahau kitufe kipi ni kipi, mimi niliyezifunga nyaya hizo kwa mikono yangu. Mume wangu alimkumbatia baba yake kwa nyuma na kumvuta pembeni kwa nguvu, wakaanguka pamoja. Nikabonyeza kulegeza. Kebo ilishuka, na ilipokuwa karibu kulala chini, mdomo wa winchi ukajing'oa kwenye chasisi kwa uzito wake wenyewe tu, ukadondoka pale alipokuwa amepiga magoti Baba.

Mpima ardhi hakucheka tena. Alisema kitu kuhusu kurudi kesho, akakaa juu ya tairi.

Baba alitambaa mpaka kwenye kile chuma. Akapitisha kidole palipokatika, akagusa vitone vidogo vya weldi, kimoja kila kona.

"Mimi siku hizi nashikiza tu," akasema. "Naweka chuma mahali pake, nalainisha, naenda kulala ili umalizie. Nilijua tangu mwanzo, mwanangu. Mlio wa weldi nausikia hata nikiwa kitandani. Leo nilipokutuma nilijua utarudia ukirudi, na niliposikia harufu ya rangi nikajua umemaliza kabla ya kuondoka, usingizi ukiwa umenipitia."

Mume wangu alimuuliza kwa nini hakusema. Baba akamjibu kwamba alidhani wanaelewana. Nilitaka kuwapigia kelele wote wawili, na mimi mwenyewe nikiwamo. Nilikuwa na hasira hata machozi yalikuwa ya moto. Lakini mzee alikuwa bado anakipapasa kile chuma, na ghafla mkono wake ukasimama.

"Ile wiki uliyolala na homa," akasema polepole. "Nani alikuwa anarudia?"

Mume wangu alinitazama. Mimi sijui kuchomelea.

"Niliwatengenezea wale wa shamba la juu ndoano ya trekta," Baba akaendelea. "Ya kuvutia tela la vibarua. Walikuja kuichukua ungali kitandani. Nikadhani umeamka ukamalizia, kwani glavu sikuziona mahali pake."

Glavu nilizifua mimi, wiki ile ile.

Nilitoa simu, nikampigia dereva wa trekta. Iliita mpaka nikadhani haitapokelewa. Kisha akapokea, mchangamfu, injini ikinguruma, nyuma yake watu wakiongea na kucheka. Nilimwambia asimame. Akasema hanisikii vizuri, wameshaanza kupanda mlima, atanipigia wakifika juu.

Mume wangu alikuwa ameshaingia kwenye pikapu ya mpima ardhi bila kuomba. Baba alibaki amekaa chini, uso ameuelekeza kwenye simu iliyokuwa mkononi mwangu, akaniuliza kama nimempata.