Ngoma ya Kilo Tano

Mtoto wa Anaseini alipolazwa kwenye mizani, Sista Telesia aliisoma mara mbili: kilo tano na robo. Habari zilitangulia kufika nyumbani. Mama na mtoto walipotoka zahanati, ndugu wa mume walikuwa wameshafukia nguruwe kwenye mawe ya moto, na huku Haʻapai, visiwani Tonga, nguruwe mzima hafukiwi kwa mtoto wa kilo tatu.

Jioni hiyo ngoma ya gogo iliyo nje ya kanisa ilianza kulia yenyewe. Ilipiga mara mbili, ikasita, ikavuma kama maji yanayopenya ufa, ikapiga tena. Mlinzi wa kanisa aliitegea sikio, kisha akaja kukitegea sikio kifua cha mtoto. Mapigo yalikuwa yale yale. Akakaa kula.

"Sista, mbona moyo wake unachechemea?" aliuliza Anaseini aliporudi zahanati kesho yake.

"Ulikuwa na sukari tangu kabla ya mimba, mdogo wangu. Sukari ya mama humnenepesha mtoto, na pengine moyo ukaumbika vibaya. Ukubwa si uzima. Mpelekeni hospitali kuu. Ndege ipo Alhamisi."

Lakini mtoto ni wa ukoo wa baba, na mbele ya shangazi hata baba mtu hana kauli. Shangazi Lupe, aliyempa mtoto jina, alicheka mpaka mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni ukalegea.

"Huyu? Akatazamwe nini? Wapelekwe wale watoto wa jirani, vijiti vile!"

"Shangazi, naogopa."

"Ogopa kumdondosha."

Viliami, mume wa Anaseini, aliinama akaendelea kumenya kiazi. Ndege ikaondoka bila wao.

Kwaya ilipata taabu Jumapili ya kwanza tu. Mwalimu alizipanga nyimbo upya zifuate ngoma, waimbaji wakazoea kungoja pale inaposita. Wageni wakausifu mtindo huo. Anaseini alikaa nyuma, kiganja kifuani mwa mtoto, hawezi kuimba. Kila ngoma iliposita, alitega sikio puani mwa mtoto.

Jumapili moja ilisita kupita kawaida. Kwaya nzima ilibana pumzi kwa adabu, macho kwa mwalimu. Midomo ya mtoto ikageuka zambarau. Anaseini akamtikisa, akamtikisa tena. Kisha ngoma ikapiga, sauti nzito za wanaume zikaingia, wimbo ukaendelea.

Mlangoni Shangazi Lupe alimpokea mtoto, akampandisha na kumshusha mikononi.

"Kaongezeka," alisema, na wanawake wakapanga foleni kumbeba.