Daftari la Kuzikana

Wakili Odeta alishinda kesi asubuhi ile, akatoka mahakamani amefura kwa hasira.

Hukumu ilisomwa kwa dakika tisa. Hati ya mashtaka, jaji alisema, ilitaja pikipiki ya aina moja, na shahidi akaeleza aina nyingine. Kwa kasoro hiyo rufaa inakubaliwa. Hoja nyingine hakuna haja ya kuzigusa. Mrufani aachiwe huru mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Basi! Miaka kumi na miwili ya mtu ikafungwa kama faili.

Mrufani mwenyewe, Mashimba, alimsubiri koridoni pamoja na askari magereza.

"Wakili, wamesema sikuiba?"

Odeta alitamani kudanganya. "Hawajasema. Wamesema karatasi za mashtaka zilikuwa mbovu."

"Basi nyumbani mimi bado ni jambazi."

Tangu siku ya kwanza hilo ndilo lilikuwa ombi lake moja. Odeta na wenzake watano hutumia Jumamosi zao kusoma majalada ya wafungwa wasio na mawakili, bila malipo, na wafungwa wengi humwuliza watatoka lini. Mashimba hakuuliza. Alisema, "Kutoka nitatoka, hata nikiwa maiti. Nataka daftari lisomwe."

Daftari lenyewe lilikuwa la kikundi cha kuzikana cha mtaa wao, kule Buswelu. Siku pikipiki ilipoporwa Buhongwa, upande wa pili wa mji, saa tano asubuhi, Mashimba alikuwa Buswelu akichimba kaburi la jirani. Tena si kaburi la kusahaulika. Futi tatu chini walikuta mwamba, na mawe ya Mwanza hayana adabu hata kwa marehemu. Wanaume arobaini na mmoja walipokezana nyundo na mtalimbo mpaka saa kumi jioni. Katibu wao, Mzee Jonathan, aliita majina mara mbili kama kawaida, kwa sababu asiyefika kuchimba hutozwa faini. Mashimba alikuwa wa kumi na saba. Yupo asubuhi, yupo jioni.

Mahakamani, bila wakili, alisema, "Nilikuwa kaburini." Hakimu akamwambia utetezi wa namna hiyo hutolewa taarifa mapema, amechelewa. Na katika wale arobaini waliotoka naye jasho, hakuna aliyekwenda kusimama upande wake. Mtaani uvumi ulikuwa umepita kwamba atakayemtetea ataunganishwa kwenye kesi. Kila mmoja akangoja mwenzake atangulie, na wote wakakaa.

Mwaka jana Odeta alilipata daftari, akaambatanisha nakala kwenye rufaa. Alimwuliza Mzee Jonathan kwa nini hakulipeleka mapema.

"Hatukuulizwa, mwanangu," mzee alijibu.

Hatukuulizwa! Odeta alilirudia neno hilo ofisini hadi wenzake wakamwambia anywe maji kwanza.

Jumamosi baada ya hukumu alimpeleka Mashimba nyumbani, pamoja na Kija, dada wa Mashimba. Walikuta msiba mtaani. Wanaume walikuwa wamejipanga na majembe na mitalimbo, Mzee Jonathan akiwaita majina kabla ya kwenda makaburini. Walipomwona Mashimba, mmoja akaivuta pikipiki yake karibu na mguu. Odeta aliuona mkono ule, damu ikamchemka.

"Shikamoo, Mzee Jonathan," Mashimba alisema.

"Marahaba, baba. Pole na... pole na safari."

"Hakuwa safarini," Odeta alidakia. "Mzee, lete daftari la mwaka ule."

"Mwanangu, hapa pana msiba."

"Na siku ile palikuwa na msiba. Lilete."

Nyumba ya mzee ilikuwa ya pili kutoka pale. Alirudi nalo chini ya kwapa, akavaa miwani, akaanza kusoma. Jina baada ya jina, na wenye majina wakiwa wamesimama mbele yake. Alipofika la kumi na saba aliliwekea kidole.

"Mashimba. Yupo. Jioni, yupo."

Aliyevuta pikipiki akaangalia viatu vyake. Mwingine akakohoa, akasema, "Sisi tulijua tu kwamba hakuiba."

"Mlijua!" Odeta alipaza sauti mpaka akina mama wakachungulia kutoka jikoni. "Mlijua, mkalala miaka kumi na miwili! Afadhali mngekuwa hamjui!"

Nathaniel, jirani wa ukuta kwa ukuta, alitaka kuyamaliza kiume. Akamnyooshea Mashimba mtalimbo.

"Karibu tena, ndugu yetu. Twende tukachimbe."

Mashimba hakuupokea. Alimgeukia katibu.

"Fungua ukurasa wa mama yangu."

Mama yao alifariki Mashimba akiwa ametimiza miaka sita gerezani. Habari aliletewa na Kija, kwenye siku ya kutembelea wafungwa, wiki mbili baada ya mazishi.

"Hayo yamepita, baba," Mzee Jonathan alisema.

"Soma."

Mzee alipekua kurasa taratibu. Sifa yake ilikuwa moja, hakuruka msiba hata mmoja kwenye daftari lake, na sasa sifa hiyo ilimgeukia.

"Nathaniel. Hayupo," alisoma. "Chenge. Hayupo. Pius. Hayupo."

Akaendelea hivyo hivyo. Mama wa jambazi hawakumchimbia. Kija na makatekista wawili wa parokia walipiga jiwe siku mbili, naye Kija kovu la lengelenge analo hadi leo kiganjani. Nathaniel alikuwa bado ameshika mtalimbo, hajui auweke wapi.

"Na faini mlilipa?" Odeta aliuliza.

"Tulisameheana," mzee alinong'ona.

Lilibaki jina moja. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Jonathan, katibu. Hayupo."

Mashimba alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa hukumu yake hatimaye.

"Na leo mimi uniandike hivyo hivyo, hayupo," alisema.

Akamshika Kija mkono, wakaenda kulitazama kaburi la mama yao.